Daftari la Makosa

Fundi Sikudhani hakuwa mtu wa methali.
Alikuwa na futi kamba shingoni, chaki nyuma ya sikio,
na daftari la kurasa mia, lisilo tena na jalada,
lililoning'inia kwa uzi kwenye msumari
katika kibanda chake cha Tandika,
nyuma ya wauza viatu vya mtumba.

Kila jioni, kabla hajafunika cherehani,
alilishusha, akalamba ncha ya penseli,
akaandika kosa moja.
Moja tu. "Mawili ni kujitesa," alisema,
"na kutoandika kabisa ni kujidanganya."

*Sketi ya mtoto wa Mama Chiku: pindo limepanda kushoto.*
*Nimeahidi Alhamisi, nimetoa Jumamosi.*
*Nimebaki na chenji ya yule mzee wa kanzu, mia mbili. Nimtafute.*

Akamtafuta. Siku tatu, hadi Yombo,
nauli ikazidi deni mara nne.
Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kila kitu.
Nilijua kuwa hodari ni yule anayekata haraka.
Nilijua kuwa mteja akilalamika
unalaumu kitambaa;
kitambaa hakina mdomo.

Yeye alisema "sijui"
kama wengine wanavyosema "karibu".
Siku alipoletewa lesi ya bibi harusi,
laini kama utando wa maziwa,
alimwita kijana wa kibanda cha tatu, mdogo kuliko mwanawe,
akakalia ndoo iliyofudikizwa,
akaitazama mikono ya yule mtoto mchana kutwa.
Akauliza. Akauliza tena.
Mimi niliona haya kwa niaba yake.

Umeme ukikatika sisi tulitoka nje kuutukana.
Yeye alisogeza kigoda mlangoni, penye mwanga,
akashona vifungo kwa mkono.
Umeme uliporudi, vifungo vilikuwa vimekwisha
na sisi bado tulikuwa na hasira.

"Fumua," aliniambia, sijui mara ngapi.
"Uzi ni wangu. Fumua."

Magoti yalipogoma kukanyaga pedali
bintiye alikuja kumchukua, wakaenda Ifakara.
Hakuniachia nasaha. Aliniachia msumari,
na daftari likiwa bado linaning'inia.

Nililisoma Jumapili moja ya masika,
mvua ikipiga bati hadi husikii redio ya jirani.
Nilikuwa natafuta makosa yake nicheke kidogo.
Nikakuta jina langu.

*Leo nimemkaripia Havijawa mbele ya wateja.*
*Kola ilikuwa sawa. Macho yangu ndiyo mabovu.*
*Kesho nimwambie, na wateja wawepo.*

Nikaikumbuka hiyo kesho.
Ilikuwa Januari, akina mama wamejipanga hadi barazani,
kila mmoja na kipande chake cha kaki na haraka yake.
Alisimama, akaweka mkasi chini.
"Jana nilikosa mimi. Kola ya huyu binti ilikuwa sawa."
Kisha akaketi, akaendelea kushona.
Siku ile nilidhani uzee umeanza kumlegeza.

Mvua ilikatika, nami nimekaa palepale,
ukurasa umelowa, wala bati halikuvuja.

Sasa nina cherehani nne, Mbagala Rangi Tatu,
oveloki moja ya mkopo, imebaki miezi miwili.
Watu huniuliza dawa yangu ni nini,
wengine wakinyoosha jicho kwenye kona za dari
kama watakaoiona hirizi.
Wanaona msumari na daftari, wanaendelea kutafuta.

Mwasiti na mwenzake hucheka ninapolamba penseli.
Nawaacha wacheke. Sindano zipo.

Jioni hii nimeandika:

*Leo Mwasiti ameniuliza jinsi ya kukata kanzu ya mgongo mmoja.*
*Nikajifanya nimeitwa nje.*
*Kesho nimwambie sijui.*
*Twende wote tukaulize.*